Mita ya tangi Mtongwe inakufa saa kumi alfajiri. Nani anaikata?

#1 FundiWaGanjoni
Wakuu, salaam. Jambo hili limeninyima usingizi, na si maneno tu, kweli silali.

Kuna tangi la maji Mtongwe, limepandishwa juu ya nguzo, linalishwa na kisima. Mita yake nimeifunga mimi. Chini ya kifuniko kuna sensa ya mlio: inapiga sauti ambayo sikio halisikii, inangoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji, kisha inapiga hesabu maji yako wapi. Kila robo saa kijiredio cha LoRa (redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo), megahezi 868, kinatuma ile namba mpaka kwenye kipokezi kilicho juu ya paa la ofisi, Ganjoni. Katikati ni maji ya Kilindini tu. Hakuna ghorofa, hakuna mnazi. Kama kilomita tatu hivi. Haitumii laini ya simu wala bando.

Mchana kutwa shwari. Ikigonga saa kumi alfajiri, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka saa kumi na moja na kitu, halafu namba zinarudi kama hakuna lililotokea. Tena si kila siku. Wiki nzima itapita haijakosa hata moja, halafu siku nne tano mfululizo inakufa.

Juzi bosi aliamka mapema, akafungua simu, akaona sifuri, akaita bauza la maji. Bauza likafika likakuta tangi limejaa linamwagika. Mwenye bauza akataka pesa yake ya safari, akapewa. Imekatwa kwenye mshahara wangu.

Nani anaikata hii mita?

#2 MwanaWaKibokoni
Mlinzi. Uzi ufungwe.

#3 BintMakadara
Haha. Mlinzi anachomoa waya achaji simu, hiyo ndiyo telemetria (kupima kwa mbali) ya Kimombasa.

#4 FundiWaGanjoni
Boksi lina kufuli na ufunguo ninao mimi. Na mlinzi mwenyewe ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, ile ngazi haipandi. Msimuonee babu wa watu.

#5 RedioKaratasi
Betri. Umefunga sola, si ndiyo? Betri inashiba jioni, inaliwa usiku kucha, na njaa yake kali ni kabla ya mapambazuko. Kijiredio kikiwa kimelala kinakula tone tu, lakini kikitaka kutuma kinavuta mara elfu ya hapo kwa kufumba na kufumbua. Betri chakavu haistahimili huo mkupuo, volti zinaporomoka, kompyuta ndogo inazimika na kujiwasha upya. Hapo ujumbe haujatoka. Badilisha betri, uje ushukuru.

#6 Shomari_wa_Pili
@RedioKaratasi mkuu, umesoma #1 mpaka mwisho? Anasema namba zinarudi saa kumi na moja na kitu. Jua la Mombasa linachomoza saa kumi na mbili na ushei. Hiyo betri imefufuliwa na nani gizani?

#7 RedioKaratasi
Hapo umenibana. Lakini betri siiachilii bado.

#8 NahodhaMstaafu
Mwanangu mleta mada. Hizo siku nne tano, zilianzia tarehe ngapi ya mwezi? Sikuulizi mwezi wa kalenda ya ukutani, nakuuliza mwezi wa juu.

Nakuuliza kwa sababu hiyo saa kumi naijua. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa saa nne. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake. Na kila siku inayopita yanachelewa kama dakika hamsini, ndiyo maana mita yako haifi kila siku saa ileile. Tazama vizuri, utaona siku ya kwanza imekufa saa kumi kasoro na siku ya tatu imeelekea saa kumi na moja na nusu.

Na jioni je? Jioni haifi?

#9 FundiWaGanjoni
Mzee wangu, shikamoo. Nimefungua daftari la kompyuta sasa hivi, nimebaki mdomo wazi. Zimeanza mwezi kumi na nne, zikaisha mwezi kumi na nane. Na zinasogea mbele kila siku kama ulivyosema. Jioni nako kuna sifuri mbili tatu ambazo sikuzijali, nilidhani ni joto.

#10 NahodhaMstaafu
Marahaba. Basi bahari ndiyo inayokukatia. Kwa njia gani, hilo waulize waliosoma.

#11 BintMakadara
Mita inaandama mwezi kama saumu 😂

#12 Kiti_cha_Mbele
Naweka kiti hapa, nina kahawa na kashata.

#13 MwalimuWaMawimbi
Nahodha amemaliza, mimi nitie chumvi tu.

Wimbi la megahezi 868 lina urefu wa kama sentimita 34.5. Antena ya Mtongwe haitoi kamba moja iliyonyooka hadi Ganjoni, inamwaga. Kuna mawimbi yanayokuja moja kwa moja, na mengine yanashuka, yanapiga uso wa bahari, yanaruka, ndipo yanafika. Maji ya chumvi yakipigwa kwa kuparazwa hivyo huwa kioo hasa, na kioo hicho hulipindua wimbi, kilele kikawa bonde. Sasa huyu aliyepitia majini akichelewa kwa nusu ya urefu wa wimbi, wakikutana wanashikana mikono, nguvu inaongezeka. Akichelewa kwa wimbi zima, au mawili, wanauana.

Bahari ikipanda, kioo kimepanda. Bamvua la Kilindini ni zaidi ya mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa. Niambie antena zako ziko juu kiasi gani kutoka mstari wa maji kujaa.

#14 FundiWaGanjoni
Nimepima kwa programu ya simu. Mtongwe kama mita 42, kilima na nguzo pamoja. Ganjoni kama 25.

#15 MwalimuWaMawimbi
Zidisha 2 kwa 42 kwa 25, gawanya kwa mita 3000. Unapata sentimita 70. Mawimbi mawili kamili ni sentimita 69. Yaani maji yakijaa umekaa palepale pa kufia. Yakipwa mita tatu, chukua 45 na 28, unapata sentimita 84, karibu mawimbi mawili na nusu, na hapo wanashikana mikono. Maji mafu hayafiki juu, ndiyo maana hizo wiki nyingine umesalimika.

Pandisha antena moja mita mbili, uniambie.

#16 RedioKaratasi
Mwalimu, hesabu tamu mno, na ndiyo ninayoiogopa. Simu hukosea mwinuko mita tano bila haya. Weka 47 badala ya 42 uone kama "pa kufia" hapajahama. Umechukua namba ya kukisia ukatoa jibu la sentimita.

Swali langu ni hili. @FundiWaGanjoni, siku njema mchana, kipokezi kinaandika nguvu kiasi gani?

#17 FundiWaGanjoni
-119.

#18 RedioKaratasi
Enhe! Nilijua.

Kilomita tatu, macho kwa macho, kijiredio cha desibeli 14 (desibeli ndiyo kipimo cha nguvu ya ishara): njiani unapoteza kama 101. Ulitakiwa uone -87, tukikupunguzia basi -92. Wewe uko -119. Umekosa desibeli kama thelathini, na thelathini maana yake ni mara elfu. Nguvu yako imegawanywa kwa elfu kabla bahari haijaigusa! Kwa kasi uliyoweka, kipokezi kinazimia kwenye -123 hivi. Unaishi kwa pumzi nne. Mtu mwenye pumzi nne hata kunguru akitua kwenye antena anakufa, si mpaka bamvua.

Kafungue kiungio cha antena Mtongwe. Usiniletee hesabu, niletee rangi.

#19 MwanaWaKibokoni
Kunguru! Sasa tunasogea. Kunguru wa Mombasa ameiba sabuni ya mamangu bafuni, mita itamshinda?

#20 Shomari_wa_Pili
Kunguru saa kumi alfajiri amelala, kama watu wenye akili.

#21 Tanboi_wa_Zamani
Mimi si fundi, lakini hii ya "sifuri" imenigusa. Zamani nilikuwa tanboi, siku hizi nashika usukani, napeleka kontena za transiti mpaka Malaba. Kontena inafungwa kufuli la elektroniki linalotuma mahali ulipo, na kama limefunguliwa au halijafunguliwa. Linatuma kwa mtandao wa simu. Sasa kati ya Taru na Maungu kuna mahali kwangu lilikuwa linanyamaza kila safari. Mtandao ukirudi linatapika yote liliyokuwa limeyameza.

Siku moja nimesimama nabadilisha gurudumu, jua la utosi, nikapigiwa simu. "Mbona umezima?" Sijazima. "Mbona kimya?" Nikasimamishwa saa sita nzima, kufuli likakaguliwa, likakutwa halijaguswa kabisa. Hakuna aliyesema pole. Kwa hao watu kukaa kimya ni kosa, hata kama aliyenyamaza ni mnara.

#22 BintMakadara
@Tanboi_wa_Zamani pole, na asante, kwa sababu umesema jambo ambalo mafundi wote hapa wamelipita.

@FundiWaGanjoni, kazi yangu ni takwimu, redio siijui. Nikuulize: kipokezi kisiposikia kitu, kinaandika nini?

#23 FundiWaGanjoni
Kinaandika 0.

#24 BintMakadara
Na tangi likiwa tupu?

#25 FundiWaGanjoni
0.

#26 BintMakadara
Na sensa ikishindwa kupima lakini redio ikatuma?

#27 FundiWaGanjoni
...0.

#28 BintMakadara
Basi hujui unachouliza, ndugu yangu. Una vitu vitatu umevivisha kanzu moja. Bosi wako hakudanganywa na bahari, alidanganywa na wewe. Andika "kimya" pale ambapo hakuna kilichofika, "kosa" pale ambapo ujumbe umefika bila kipimo, na 0 iwe ya tangi tupu peke yake. Halafu kila ujumbe upe namba yake, 1, 2, 3, na volti za betri. Ukiona umeruka kutoka 411 hadi 415, mtumaji alikuwa hai na ni njia iliyomeza. Ukiona umerudi 1, alizimika. Hapo RedioKaratasi na Mwalimu wataacha kugombana.

#29 RedioKaratasi
Kugombana hatutaacha, lakini ushauri ni mzuri.

#30 KijanaNgomeni
Voyager 1, chombo cha anga za mbali cha Wamarekani, ilifanya mchezo huohuo. Imerushwa 1977, na Novemba 2023 ikaanza kutuma upuuzi. Ishara inafika, mtumaji yu hai, lakini kilichomo hakisomeki. Hiyo ni "kosa" ya dada BintMakadara, si "kimya". Ikaonekana kipande cha kumbukumbu kimekufa kwenye kompyuta inayofunga vipimo. Wakahamisha programu mahali pengine kwa mbali, na Aprili 2024 ikasomeka tena. Na kila swali kwenda tu lilichukua zaidi ya saa ishirini na mbili.

Na tusisahau kwetu Malindi tulipokea vipimo vya anga watu wa Nairobi wakiwa bado hawana televisheni. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa Malindi mjini 1971 kwa roketi ya Waitaliano.

#31 Shomari_wa_Pili
Kijana, umekosea mara nne kwa mistari miwili. Televisheni Nairobi ilikuwapo. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ndiyo maana ikapewa jina hilo, siku ya Jamhuri, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Haikurushwa mjini, ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, lile lenye miguu ndani ya bahari, mbele ya Ngomeni hukohuko kwenu. Na roketi ilikuwa Scout, ya Wamarekani. Waitaliano walikuwa wenye jukwaa.

#32 KijanaNgomeni
Nimekubali yote. Lakini ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza mahsusi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, hiyo usininyang'anye.

#33 Shomari_wa_Pili
Hiyo chukua.

#34 MzeeWaFormosa
Niongeze kidogo. Marusho yalikoma 1988, lakini antena za nchi kavu hazikulala. Roketi za Ariane 5 zikitoka Kourou, Amerika ya Kusini, zilikuwa zinaelekea mashariki, na kila kituo kinampokezana mwenzake: Natal, Ascension, Libreville, kisha Malindi. Hata ile darubini ya James Webb, tarehe 25 Desemba 2021, Malindi ilikuwa kati ya vituo vilivyoifuata. Krismasi sisi tunakula pilau, antena inakula vipimo.

#35 MvuviMsambweni
Mimi niliokota kitu Msambweni, kimeletwa na kusi. Duara, juu kina vioo vya sola, chini kuna kama jicho. Watoto wakasema bomu. Ni nini?

#36 NahodhaMstaafu
Si bomu. Hilo ni boya la meli kubwa za jodari. Wanalifunga kwenye chelezo, wanaliacha lielee. Samaki wanapenda kivuli, wanakusanyika. Lile jicho linapiga mlio chini, kama sensa ya huyu fundi wetu, linakisia samaki wangapi wamekaa, halafu linapeleka habari kwa setilaiti. Nahodha yuko maili mia tano na anajua chelezo gani imeshiba.

#37 MwanaWaKibokoni
Kwa hiyo sisi tunatupa ndoana kwa bismillahi na wenzetu samaki wanawapigia simu.

#38 FundiWaGanjoni
Jamani turudi Mtongwe kabla sijakatwa mshahara mwingine. Leo nimepanda. Kiungio cha antena: nilipokifungua ndani kimekuwa kijani cha mchicha, na tone la maji likanidondokea kwenye kidole. Nilipoonja, chumvi.

#39 RedioKaratasi
Umeonja?? Haya. Nilisema.

#40 KisimaKikavu
Salaam. Nimesoma wote, nina la kwangu, na samahani kama litaharibu starehe.

Sensa za mlio zina upofu. Kitu kikiwa karibu nayo kuliko sentimita ishirini au ishirini na tano, haikioni, kwa sababu mwangwi unarudi kabla sensa haijamaliza kutetema kwa mlio wake yenyewe. Sasa saa kumi alfajiri nani anatumia maji? Hakuna. Tangi linajaa mpaka mdomoni, maji yanaingia kwenye upofu wa sensa, sensa inatoa kosa, kosa linaandikwa 0. Saa kumi na moja watu wa alfajiri wanaamka, mabomba yanafunguliwa, maji yanashuka kidogo, sensa inaona tena. Na mleta mada mwenyewe alituambia kwenye #1: bauza lilipofika tangi lilikuwa linamwagika. Mita ilisema sifuri kwa sababu tangi lilikuwa limejaa!

#41 MwalimuWaMawimbi
Nzuri, lakini tangi halina kalenda. Kwa nini lijae siku za bamvua tu?

#42 KisimaKikavu
Mwalimu, wewe umekulia ghorofani. Kisima cha Mtongwe kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, yana matundu kama mkate wa sinia. Bahari ikipanda, inasukuma maji ya chini, na kisima cha karibu na pwani kinapanda nayo, kwa kuchelewa kidogo. Siku za bamvua pampu inapata maji mengi haikohoi. Maji mafu inanyonya hewa nusu ya usiku. Mwezi ni uleule wa Nahodha, ila umepitia chini ya ardhi badala ya kupitia hewani.

#43 Kiti_cha_Mbele
Kahawa imeisha. Naagiza nyingine.

#44 BintMakadara
@KisimaKikavu umeniua. Lakini hii inapimika. Wako akina Mwalimu wanadai "kimya", wewe unadai "kosa". Fundi akitenganisha kanzu tutajua.

#45 Shomari_wa_Pili
Pia asitumie jedwali la kujaa na kupwa la bandari peke yake kulinganisha. Jedwali ni utabiri, upepo na uzito wa hewa huyabadilisha maji. Mombasa ina kipimo cha bahari kilicho kwenye GLOSS, mtandao wa dunia wa kupima usawa wa bahari, nacho huonyesha maji yalivyo kweli. Baada ya lile wimbi la tsunami la 26 Desemba 2004, Kenya alipokufa mtu mmoja na watu wakaondolewa ufukweni, dunia ilizinduka kwamba vipimo vya bahari lazima vifike dakika kwa dakika, si karatasi ya mwisho wa mwezi.

#46 FundiWaGanjoni
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na bamvua moja. Nimefanya hivi: nimetenganisha kimya, kosa na sifuri. Nimetia namba na volti. Nimebadilisha kiungio na kukifunga mpira. Na antena ya Ganjoni nimeipandisha mita mbili.

Nguvu sasa ni -90. Betri haikushuka vibaya hata usiku mmoja, namba haikurudi 1 hata mara moja.

Sifuri hakuna. Kosa kumi na moja, zote kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kimya tatu: mbili alfajiri maji yakijaa, moja jioni saa kumi na dakika ishirini.

#47 KisimaKikavu
Kumi na moja. Sisemi kitu.

#48 MwalimuWaMawimbi
Na kimya tatu zote maji yakijaa. Nami sisemi.

#49 RedioKaratasi
Mimi nasema. Kutoka -119 hadi -90, hizo ndizo desibeli nilizokudai. Na ukiwa na akiba ya thelathini, bahari haiwezi kukuua kirahisi. Hizo kimya tatu ni meli. Ukuta wa chuma wa kontena ukipita katikati ya Kilindini, hakuna kinachopita. Meli nzito nazo hupenda kuingia maji yakiwa mengi, ndiyo maana zimeangukia kujaa.

#50 MwanaWaKibokoni
Au rada ya hiyo meli inachoma mawimbi yake.

#51 RedioKaratasi
Rada za meli ziko gigahezi tatu na tisa huko juu. Yeye yuko megahezi 868. Ni kama kusema adhana imemharibia mtu picha.

#52 BintMakadara
Fundi, kwa heshima zote. Umebadilisha kiungio na umepandisha antena siku moja??

#53 FundiWaGanjoni
Ngazi ya Mtongwe nimepanda asubuhi, paa la Ganjoni nimepanda mchana. Nauli ilikuwa moja.

#54 BintMakadara
Basi hatutajua kamwe ni lipi lililokuwa linaua zile za mwanzo, na daftari la zamani lote ni sifuri. Nimelia.

#55 MwalimuWaMawimbi
Shusha antena mita mbili tuone.

#56 FundiWaGanjoni
Mwalimu, kodi yangu utalipa wewe?

#57 FundiWaGanjoni
Haya, kuna jipya. Nimempigia mlinzi, nikamwomba usiku wa jana atazame tangi kwa macho. Akasema hana haja ya kutazama, anajua limejaa. Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Si nimewasha pampu mimi." Kumbe kila bamvua babu anaamka saa nane, anajua kisima kina maji, anawasha pampu kwa mkono, anaizima baada ya swala ya alfajiri. Ameanza hata kabla sijafunga mita. Hakuna aliyemuuliza.

#58 MwanaWaKibokoni
Naomba post namba 2 isomwe upya, kwa sauti, watu wakiwa wamesimama.

#59 KisimaKikavu
Anawasha kwa sababu kisima kimepanda. Kisima kimepanda kwa sababu ya bahari. Bado ni yangu.

#60 NahodhaMstaafu
Ni ya babu. Mpeni shikamoo yake.

#61 RedioKaratasi
Na zile kimya tatu?

#62 FundiWaGanjoni
Hizo sina jibu. Sensa nitainyanyua kwa kipande cha bomba sentimita thelathini ili upofu uondoke, bosi amekubali. Bamvua nyingine ni Alhamisi. Nitakesha juu ya paa Ganjoni na tochi, nione kama kuna meli.

#63 Tanboi_wa_Zamani
Beba mahamri, na simu iwe na chaji. Ukinyamaza utaulizwa.